Jaribio Lipi Litangulie?

Programu ya kompyuta haina budi kupimwa kabla ya watu kuitegemea, kama mizani ya dukani inavyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Siku hizi kompyuta yenyewe hufanya kazi hiyo. Mtungaji huandika majaribio mara moja, na kila abadilipo kitu huyaendesha yote upya. Yakiwa machache hakuna taabu. Yakiwa mengi huchukua muda mrefu, na ndipo lijapo swali: lipi litangulie?

Tuchukue mfano wa programu ya kutoa matokeo ya Kidato cha Nne. Kila mwanafunzi huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza, na mwenye 18 hadi 21 la pili. Mtungaji akiandika “chini ya 17” mahali pa “17 au chini yake”, mwanafunzi mwenye pointi 17 ataandikiwa daraja la pili. Kosa ni la neno moja, lakini kwa mwanafunzi yule na mzazi wake ni kubwa.

Tuseme tunayo majaribio matatu, na hesabu zake nimezibuni kwa ajili ya somo hili:

1. Jaribio la Ripoti hutengeneza ripoti za wanafunzi wote. Huchukua dakika 30, na nafasi yake ya kushindwa ni 3 katika 10.
2. Jaribio la Orodha husoma majina na alama zote. Huchukua dakika 10, na nafasi ni 2 katika 10.
3. Jaribio la Mipaka huangalia pointi 17 na 18, 21 na 22, na mipaka mingine. Huchukua dakika 2, na nafasi ni 1 katika 10.

Jumla ni dakika 42, na kipindi chetu ni dakika 40. Tukifuata mpango huo, kengele italia kabla Jaribio la Mipaka halijatoa jibu, na kosa la pointi 17 litabaki limejificha.

Wengi watasema kwamba lenye nafasi kubwa ya kushindwa ndilo litangulie. Lakini hilo ndilo linalokula dakika 30. Njia iliyo bora ni kugawanya nafasi ya kushindwa kwa muda. Ripoti hupata asilimia 1 kwa kila dakika, Orodha 2, na Mipaka 5. Basi tuanze na Mipaka, ifuate Orodha, na Ripoti iwe ya mwisho. Kwa dakika 12 tu tutakuwa na majibu mawili.

Tuhakikishe kwa hesabu. Tuseme kushindwa kwa jaribio moja hakutegemei lingine, na tunaacha kupima mara tuonapo kasoro ya kwanza. Kwa mpango wa kwanza, wastani wa muda ni 30 + (0.7 × 10) + (0.56 × 2), yaani dakika 38.12. Kwa mpango wa pili ni 2 + (0.9 × 10) + (0.72 × 30), yaani dakika 32.6. Kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni utaratibu tu.

Huenda msomaji akauliza, nafasi hizo zajulikanaje? Hujulikana kwa kuweka kumbukumbu: lipi lilishindwa jana, na sehemu gani ya programu imebadilishwa leo. Chombo kiitwacho pytest, kitumiwacho na watungaji wa lugha ya Python, huweza kuamriwa kuanza na majaribio yaliyoshindwa mara iliyopita. Gregg Rothermel na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa jambo hili mwaka 1999, wakaonyesha kwamba kupanga majaribio huharakisha kugundua makosa.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kila jaribio lijiandalie mahitaji yake, maana likitegemea kazi ya lililotangulia, kubadili mpango kutaleta makosa ya uongo. Pili, la mwisho lisiachwe. Ripoti isipokwisha leo, iendeshwe kesho kabla ya matokeo kubandikwa.

Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, tunao mfano wa jambo lililo karibu na hili. Shirika la APOPO, pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limefundisha panya buku kunusa kifua kikuu katika makohozi yaliyokwisha kupimwa hospitalini. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo kwa hadubini huweza kuchukua siku nne. Sampuli anayoitilia shaka hupimwa tena maabara kabla ya mgonjwa kuambiwa. Kipimo cha haraka hutangulia, cha polepole hufuata penye shaka, na mgonjwa aliyekuwa amekosekana huanza dawa mapema kabla hajawaambukiza wa nyumbani kwake.

Zoezi: Jaribio moja huchukua dakika 6 na nafasi yake ya kushindwa ni 3 katika 10. La pili huchukua dakika 4, na nafasi ni 1 katika 10. Lipi litangulie, na kwa nini?