Kisu cha Mfukoni: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Mkulima anayetoka asubuhi na kisu mfukoni ana kazi nyingi za kukipa: kukata kamba ya mbuzi, kufungua gunia la mbolea, kupogoa kitawi cha mchungwa, kuchonga kikonyo cha kupandikizia mwembe na, jua likipanda, kumenya embe lenyewe. Hakuna kisu kimoja kinachozifaa kazi hizo zote sawasawa. Wengi wetu dukani hutazama urefu wa bapa na mng'ao wake, kisha tunalipa.

Urefu usikusumbue. Bapa la sentimita 7 hadi 9 linatosha kazi za kila siku. Kazi kubwa ina panga, na mgema ana kotama yake.

Anza na kizuizi, yaani kile kinachoshika bapa lisijikunje ukiwa kazini. Makali yakipotea utayarudisha kwa kinoo, lakini kizuizi kibovu hakirudi. Mwandishi wa makala haya ana kovu kwenye kidole cha shahada kwa sababu alisukuma ncha ya kisu cha bei rahisi kwenye dumu la plastiki, bapa likajikunja na kumfunga kidole. Visu vingi vya sokoni vina springi tu mgongoni. Hivyo vinafaa kukata kwa kuvuta, havifai kuchoma wala kusukuma. Vingine vina ulimi wa chuma ndani ya mpini unaoruka nyuma ya bapa likifunguliwa, na vingine vina pete shingoni unayoizungusha kwa kidole. Visu vya Opinel kutoka Ufaransa vimekuwa na pete hiyo tangu 1955, na kwa mtu mwenye mikono yenye udongo ni njia nyepesi kuelewa na kusafisha.

Kabla ya kulipa, mwombe mwenye duka ukijaribu. Kifungue hadi mwisho, shika mpini huku vidole vyote vikiwa mbali na njia ya bapa, kisha bonyeza mgongo wa bapa polepole juu ya ubao wa kaunta. Kikianza kujikunja, kirudishe. Tikisa bapa kushoto na kulia pia. Likicheza likiwa jipya, baada ya msimu mmoja litakuwa limelegea kabisa.

Kuhusu chuma, kuna cha kaboni na kile kisichoshika kutu kwa urahisi, ambacho kimechanganywa na kromiamu. Cha kaboni hunoleka haraka na hukata vizuri, lakini ukikiacha na utomvu wa mwembe usiku mmoja kitageuka rangi, na karibu na bahari kutu itafuata. Asiye na desturi ya kufuta na kupaka mafuta kila jioni achukue kile cha kromiamu, hata kama kukinoa kutamchukua muda zaidi.

Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa unalazimika kukisukuma kwa nguvu na hujui kitatelezea wapi. Unaponoa, mwinamo uwe karibu digrii 20 kila upande. Huna kipimo? Chukua pembe ya karatasi, ikunje katikati upate digrii 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Weka karatasi hiyo kando ya kinoo na ulaze kisu kuifuata.

Kwa kupandikiza miche, nunua kisu cha pekee. Kisu cha kupandikizia kimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa kabisa, ndiyo maana mkato wake hunyooka. Mkato ukiwa na mabonde, ngozi ya kijani iliyo chini ya gome la kikonyo haigusani na ile ya shina, na kikonyo hukauka. Anayetumia mkono wa kushoto aseme hivyo dukani, kwa kuwa kile cha mkono wa kulia kitampinda mkato. Kisu hiki kisifungue magunia. Kifute kwa spiriti baada ya kila mti, kwa sababu utomvu wa mti mgonjwa hubeba ugonjwa hadi mti mzima. Jiki pia inafaa, sehemu moja kwa tisa za maji, lakini hula chuma: suuza, kausha, paka mafuta. Na embe la kula likatwe kwa kisu kingine.

Kisu kinachokaa shambani ni kifaa. Katika mkutano wa hadhara au maandamano kinaweza kuhesabiwa silaha, kwa hiyo kiache nyumbani. Kwenye uwanja wa ndege hakiruhusiwi katika mzigo wa mkononi, na kwenye ukaguzi wa stesheni ya reli ya SGR utakiacha mlangoni.

Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha libane kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia. Damu isipokoma, au kidole kikikataa kukunjika, au jeraha likiwa na kina, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwambie mhudumu kwamba kisu kilikuwa na udongo na ulipata lini mara ya mwisho sindano ya pepopunda. Kama hukumbuki, sema hukumbuki.