BEGA LILILOPASULIWA BADO LINAHITAJI KUTUNZWA

Sisi wauguzi huulizwa mara nyingi: “Bega lilikuwa linateguka, likapasuliwa na kano zikakazwa. Mbona miaka imepita na sasa linauma?”

Ncha za mifupa ya bega zimefunikwa na gegedu, kitu laini kinachoteleza. Bega likiteguka, gegedu huumia. Opereshini huzuia bega lisichomoke tena, lakini haiondoi madhara yaliyokwisha kutokea. Gegedu likilika, mifupa husuguana, bega likauma na kukakamaa.

Huko Uswidi, mabega 223 yaliyoteguka kwa mara ya kwanza yalifuatiliwa kwa miaka 25. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa zaidi ya nusu yalikuwa na dalili za kulika kwenye eksirei, mengi kwa kiasi kidogo. Yaliyopasuliwa nayo yalikuwamo.

Walio hatarini zaidi ni hawa:

1. Aliyeteguka mara nyingi kabla ya kupasuliwa.
2. Aliyeteguka mara ya kwanza akiwa na umri mkubwa. Kule Uswidi, waliozidi miaka 25 waliathirika zaidi.
3. Ambaye bega lake limekazwa mno, mkono haugeuki vizuri kwa nje.
4. Ambaye skrubu yake imejitokeza ndani ya kiungo.
5. Mlevi. Utafiti huo uliwataja pia, basi tujihadhari na rubisi na gongo.

Tufanye nini?

Kijana akianguka kwenye mpira, pikipiki au mgombani, msimvute mkono nyumbani. Ufungeni kwa kanga, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Likirudia kuteguka, msingoje mara ya kumi. Ombeni ushauri wa daktari wa mifupa mapema.

Mwenye kifafa asiache dawa, kwani degedege huweza kulitegua bega, hata lililokwisha kupasuliwa.

Aliyepasuliwa afanye mazoezi aliyofundishwa, polepole, bila kuyakatiza. Asibebe mkungu wa ndizi wala kuvuta nyavu ziwani mpaka daktari amruhusu. Akisikia maumivu ya ndani usiku, bega likisaga au mkono ukishindwa kugeuka, arudi akapigwe picha.

Msiogope opereshini kwa sababu ya maneno haya. Wengi ambao eksirei huonyesha kulika kidogo hawana maumivu, nao wanalima kama kawaida. Linaloumiza zaidi ni bega kuachwa likiteguka mwaka hata mwaka.