Aamkaye Kwanza

Kompyuta ya mezani ikiwashwa, ni nani aamkaye kwanza? Ndani ya sanduku lake umo ubao mkuu, ambao sehemu zote zimeungwa nao. Katika ubao huo imo programu ndogo iitwayo BIOS. Hiyo hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha huutafuta mfumo mkuu na kuukabidhi kazi. Ni kama mzee aamkaye alfajiri, akafungua milango na kuwaita watu kazini.

BIOS ina maagizo yake: saa, tarehe, na diski ipi itafutwe kwanza. Mwaka 1984 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ambayo betri yake ilitunza saa na maagizo hayo hata umeme ulipozimwa. Hata leo, kompyuta nyingi zina betri ya volti 3, mviringo kama sarafu.

Basi sikilizeni. Asubuhi moja kompyuta ya afisi ya shule ilikataa kuanza. Kiooni palikuwa na maneno kwamba diski ya kuanzia haikuonekana. Watu wakasema, "Imekufa, na alama za watoto zimepotea!"

Fundi hakufanya haraka. Aliizima, akaiwasha, akabonyeza kitufe cha Delete mara kwa mara, hata ukurasa wa maagizo ukatokea. (Kompyuta nyingine hutumia F2.) Akatazama tarehe: ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Akajua ya kuwa betri imekwisha na maagizo yamesahauliwa. Akaizima tena, akachomoa waya wa umeme, akatia betri mpya. Kisha akasahihisha tarehe, akaiweka diski iwe ya kwanza katika orodha ya kuanzia, akabonyeza F10 ili kuhifadhi. Kompyuta ikaamka, na alama zote zimo.

Nawe ukiingia katika ukurasa huo, andika kwanza maagizo ya zamani katika daftari. Badili neno moja tu, kisha ujaribu. Ukipotea, chagua maagizo ya asili ya kiwandani. Tena, BIOS yenyewe inapofanywa upya, usizime umeme kamwe, isije ikashindwa kuamka.

Maswali
1. BIOS hufanya nini kabla ya mfumo mkuu kuanza?
2. Fundi alijuaje ya kuwa betri imekwisha?
3. Kwa nini yafaa kubadili neno moja tu kwa mara moja?