Projekta ya kujitengenezea: taa ipi uweke ndani ya boksi?

Paneli ya LCD iliyotolewa kwenye tableti iliyopasuka kioo cha juu, lenzi mbili za Fresnel, lenzi ya mbele, boksi la mbao na taa. Vyote hivyo ukivipanga vizuri vinatulia miaka, isipokuwa taa. Hiyo ndiyo inayowatesa watu, na ndiyo iliyojaza maswali mezani kwangu.

Shikamoo fundi. Nataka picha kali. Niweke taa ya wati ngapi?

Marahaba. Wati ni habari za bili ya umeme. Unachotakiwa kuuliza dukani ni lumeni, kisha uulize mwanga wenyewe unatoka kwenye eneo lenye ukubwa gani. Hilo la pili wengi hawaliulizi, na ndipo wanapoliwa hela.

Chukua tyubulaiti ya futi nne. Inatoa lumeni zinazokaribia 3,000, lakini ukiiweka nyuma ya lenzi utapata ukungu ukutani na si kingine, kwa sababu mwanga umetawanyika mita nzima na lenzi haiwezi kuukusanya wote. Sasa chukua balbu ya zenoni ya taa ya mbele ya gari, ile ya wati 35. Nayo ina lumeni 3,200 hivi, ila zote zinatoka kwenye cheche yenye urefu wa milimita nne. Hiyo lenzi inaijua. Kwa hiyo ukilinganisha taa mbili zenye lumeni sawa, beba ile yenye kiini kidogo.

Mbona taa yangu ya LED inaumiza macho nikiitazama, lakini ukutani picha ni hafifu?

Kwanza acha kuitazama. Pili, tufanye hesabu pamoja, maana swali hili ndilo linalorudi kila mara.

LED ya wati 100 iliyo nzima hutoa lumeni kama 9,000. Mwanga wake unamwagika kila upande mbele yake. Lenzi inakamata, tuseme, theluthi. Zimebaki 3,000. Halafu inakuja paneli yenyewe. Plastiki ya polaraiza iliyobandikwa nyuma yake inameza nusu ya mwanga na zaidi. Vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vinameza theluthi mbili ya kilichobaki. Nyaya ndogondogo zilizo kati ya vitone vya picha nazo zinaziba sehemu yake. Mwisho wa yote paneli ya rangi inapitisha asilimia 5 hivi, basi umebaki na lumeni 150. Toa za lenzi zilizo njiani, shukani, pale picha inapoangukia, zinafika kama 100.

Shuka ya inchi 60 ina eneo la takriban mita moja ya mraba. Kiwango cha sinema za kidijitali ni karibu lumeni 150 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo wewe uko kwenye theluthi mbili ya sinema. Chumba kikiwa giza, hapo unaona filamu vizuri kabisa. Lakini najua ulichofanya: umetandika shuka ya inchi 100. Eneo lake ni mita za mraba 2.75, na mwanga uleule sasa umegeuka robo ya sinema. Kabla hujanunua taa nyingine, sogeza projekta karibu na ukuta.

Nina halojeni ya wati 500 ya getini. Itafaa?

Haifai. Inatoa lumeni zinazokaribiana na za LED ya wati 100, kwa umeme mara tano, na waya wake unaowaka ni mrefu kama kidole. Rangi yake ni ya manjano. Boksi litakuwa jiko.

Balbu za halojeni za projekta za shule, zile za kuonyeshea karatasi za plastiki, zina kiini kidogo na zinafaa zaidi. Tatizo ni umri: nyingi zimeundwa kudumu saa 50 hadi 75. Msimu mmoja wa tamthilia umeimaliza.

Kuna jamaa anauza taa ya metali halaidi ya wati 400, ya uwanja wa mpira. Naambiwa ndiyo mfalme.

Ilikuwa mfalme. Kabla ya LED kubwa kushuka bei, waliojitengenezea projekta walitumia hiyo, na mwanga wake hauna utani: lumeni 30,000 na zaidi. Mimi nisingeinunua leo, na nitakwambia kwa nini.

Inahitaji balasti, ile mafundi wanayoiita choki, nzito kama tofali, pamoja na kiwashio kinachorusha maelfu ya volti. Inachukua dakika kadhaa kufikia mwanga wake kamili. Umeme ukikatika hata kwa sekunde moja, hairudi hadi ipoe, na hiyo ni dakika 5 hadi 15. Wewe unayekaa mtaa wa mgao wa umeme, hebu fikiria watu 40 wa banda umiza wakisubiri penalti gizani.

Kubwa kuliko yote, mle ndani mna zebaki na mionzi ya urujuanimno. Kioo cha nje ndicho kinachoizuia mionzi hiyo. Kikipasuka, taa inaweza kuendelea kuwaka kama kawaida huku inakuunguza ngozi na macho. Nimeshamwona kijana akiijaribu yenye ufa. Nilimzimia swichi kwanza, salamu zikafuata.

Basi ipi?

LED ya chipu moja kubwa, ile yenye mraba wa njano unaotosha kwenye sarafu. Wati 100, rangi nyeupe ya kelvini 6,500 au karibu yake, maana vichujio vya paneli vimezoea nyeupe hiyo.

Ila bei ya chipu ni ndogo kuliko bei ya vitu vinavyoizunguka, na hapa watu hubana pesa pasipotakiwa. Karibu theluthi mbili ya umeme wake inageuka joto. Ni kama umewasha chuma cha kuchomelea risasi cha wati 60 ukakiacha ndani ya boksi. Usiiwashe hata kwa kujaribu bila hitisinki. Ya kwanza niliyonunua niliilaza juu ya meza, nikaunganisha, nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilibaki na doa jeusi katikati ya njano.

Hitisinki ya prosesa ya kompyuta ya mezani, yenye feni na pesti yake nyeupe, inatosha. Gusa mapezi yake baada ya nusu saa: kidole kikishindwa kukaa, umeshapita nyuzi 55 au 60, ongeza upepo. Nunua draiva ya mkondo usiobadilika, kisha iweke chini kidogo ya kiwango. Chipu ya wati 100 ukiiendesha kwa wati 70, mwanga unapungua kidogo kuliko unavyodhani, umri unaongezeka. Mbele ya chipu weka lenzi nene ya kioo ya kukusanyia mwanga. Bila hiyo, unalisha mbao za boksi.

Taa ikae umbali gani na lenzi ya Fresnel?

Kwenye fokasi yake. Toka nje saa sita mchana, elekeza lenzi kwenye jua, sogeza hadi mwanga uwe nukta juu ya tofali, mwenzako apime haraka kwa rula. Si juu ya karatasi wala nyasi; itawaka. Bwana Fresnel aliibuni kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, na ya kwanza iliwashwa Cordouan, Ufaransa, mwaka 1823.

Kwetu hakuna umeme, tuna sola na betri.

LED ya wati 100 itavuta kama ampia 9 au 10 kwenye volti 12. Filamu ya saa mbili ni ampia-saa 20. Betri ya risasi ya ampia-saa 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ni filamu mbili, ya tatu hapana. Zenoni ya gari inavuta kama ampia 3.5, na mitaa ya spea za magari yaliyotumika imejaa balbu hizo na balasti zake. Picha iwe ndogo, inchi 40 hivi. Zenoni ikiwashwa, balasti inarusha zaidi ya volti 20,000, kwa hiyo soketi yake ifunikwe, na watoto wasisogee.

Katikati ya paneli yangu panaingia weusi baada ya dakika 20.

Joto. Fuwele za kimiminika zilizo ndani ya paneli zinapoteza mpangilio wake. Ikipoa weusi hutoweka. Ukizoea kuiacha hivyo, polaraiza itaungua na doa litabaki. Weka feni ipulize kati ya lenzi ya nyuma na paneli, pande zote mbili za paneli zipate upepo.

Mkiniandikia tena, nitajieni upana na urefu wa paneli kwa sentimita, na ukubwa wa shuka. Wati niachieni mimi.