Kupanua Diski Huku Seva Ikiendelea na Kazi

Mtu wa Kisiwa Panza anayefuata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe huanza kwa kuvuka maji. Anapanda mashua hadi Chokocho, anashika gari kupitia Mtambile mpaka Mkoani, na safari ya kurudi anaipanga kwa kujaa na kupwa kwa bahari kuliko kwa saa za ofisi. Akifika dirishani akaambiwa sistimu imezimwa kidogo, wanaongeza nafasi, hiyo "kidogo" inamlia siku nzima na nauli ya pili. Anayekaa Mkoani mjini atakwenda zake sokoni na kurudi baadaye. Seva ikizimwa, mzigo humwelemea zaidi aliye mbali. Kwa hiyo swali linaloonekana la mafundi tu, kama diski ya data inaweza kupanuliwa bila kuzima mashine, ni swali la wananchi pia. Jibu lake ni ndiyo, na sababu zake zinaeleweka kwa yeyote mwenye subira.

Kwanza, kwa nini nafasi huisha? Sheria Namba 3 ya mwaka 2018 ilianzisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na usajili wa vizazi, vifo, ndoa na talaka ukawa mikononi mwa chombo kimoja. Kumbukumbu za aina hii hazipungui. Mtu akifariki, rekodi ya kuzaliwa kwake haifutwi, bali huongezewa ya kifo. Ndiyo tabia ya hifadhidata yoyote ya usajili, popote duniani: inakua tu, na anayeitunza anajua tangu mwanzo kwamba siku ya diski kujaa itafika.

Sasa diski yenyewe ni nini? Kwa mfumo endeshi, diski ni safu ndefu ya vipande vyenye ukubwa sawa viitwavyo sekta, kila kimoja na namba yake. Kwa desturi sekta moja hubeba baiti 512. Diski ya gigabaiti 100 ina sekta 209,715,200, zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 209,715,199. Mfumo endeshi haujali kama chini kuna sahani za sumaku au chipu. Unachofanya ni kuagiza: soma sekta namba fulani, andika kwenye namba fulani. Basi ukubwa wa diski ni habari ya namba moja tu, ile ya mwisho.

Seva inayozungumziwa hapa ni kompyuta pepe, yaani kompyuta iliyotengenezwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, ukiwapa watumiaji wengi mashine zao pepe juu ya mtambo mmoja. Diski ya kompyuta pepe mara nyingi ni faili kubwa lililo kwenye hifadhi ya mwenyeji wake. Faili hilo likirefushwa kutoka gigabaiti 100 hadi 200, sekta mpya zinazaliwa mwishoni, na zile za zamani hazisogei hata moja. Rekodi iliyokuwa kwenye sekta namba 5,000 inabaki pale pale. Kwa kuwa hakuna kinachohamishwa, hakuna sababu ya kimaumbile ya kuwasimamisha wasomaji na waandishi walio kazini.

Lakini kurefusha hakutoshi. Chukua daftari lililoshonewa kurasa mpya nyuma: kurasa zipo, ila faharasa ya mbele bado inataja mwisho wa zamani, na karani mwaminifu hataandika kwenye ukurasa usiotajwa. Ndani ya kompyuta faharasa za namna hiyo ni tatu, na zinarekebishwa kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu.

Ya kwanza iko kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kerneli iliuliza ukubwa wa diski ilipowaka na ikaukariri. Katika Linux, diski ya aina ya virtio hupeleka taarifa yenyewe ukubwa unapobadilika, na kerneli inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba diski iitwayo vdb sasa ina sekta 419,430,400. Diski ya aina ya SCSI kwa kawaida husubiri kuulizwa. Kwa diski iitwayo sdb, fundi anaandika tarakimu 1 kwenye faili /sys/class/block/sdb/device/rescan, kerneli inauliza upya, basi. Amri ya lsblk itamwonyesha ukubwa mpya papo hapo.

Faharasa ya pili ni jedwali la patisheni, linalosema kila sehemu ya diski inaanzia wapi na kuishia wapi. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Jedwali la GPT huwekwa mwanzoni mwa diski, na nakala yake huwekwa kwenye sekta za mwisho kabisa. Diski ikirefuka, nakala hiyo inajikuta katikati, na zana nyingi hulalamika kwamba jedwali lina kasoro. Halijaharibika. Nakala inahitaji tu kupelekwa kwenye mwisho mpya, kazi ambayo amri ya growpart huifanya pamoja na kusogeza mpaka wa patisheni. Jedwali la zamani la MBR lina ukomo mwingine: huhesabu sekta kwa biti 32, na 4,294,967,296 ukizidisha kwa 512 unapata terabaiti 2. Kwa sekta za ukubwa huo, patisheni yake haivuki hapo hata useme nini.

Ni kwenye hatua hii ndipo mazoea ya kuzima seva yalipozaliwa, na walioyashika hawakuwa wajinga. Kerneli ilikuwa inakataa kusoma upya jedwali la diski inayotumika, kwa hofu ya kuvuruga data. Mwaka 2012 Linux ikapata uwezo wa kurefusha patisheni moja ikiwa kazini bila kulisoma jedwali zima upya. Sababu ya kuzima iliondoka, mazoea yakabaki.

Ya tatu ni mfumo wa faili, na huu ndio wenye hesabu tamu. Mfumo uitwao ext4 kwa kawaida hugawa diski katika makundi ya bloku za baiti 4,096. Kila kundi lina bloku moja ya kuweka alama, biti moja kwa kila bloku: iko wazi au imeshikwa. Baiti 4,096 ni biti 32,768. Kwa hiyo kundi moja lina bloku 32,768, sawasawa na megabaiti 128. Kuongeza gigabaiti 100 ni kuongeza makundi 800 mkiani, kila moja na alama zake, kisha kusahihisha jumla. Amri ya resize2fs huifanya kazi hiyo huku faili zikisomwa na kuandikwa. Mfumo mwingine, XFS, umekwenda mbali zaidi: xfs_growfs hutaka mfumo wa faili uwe umepachikwa, yaani uko kazini, ndipo iupanue.

Kupunguza ni habari nyingine kabisa. Ukikata mkia, chochote kilichokuwa huko kinapotea, na ext4 lazima ibanduliwe kwanza, yaani iondolewe kazini, kabla ya kupunguzwa. Namba ya ukubwa ikiandikwa kwa haraka, ikawa ndogo kuliko ya zamani, hasara yake haina dawa isipokuwa nakala rudufu. Baadhi ya huduma za wingu pia zina mipaka yao. Azure, kwa mfano, imekuwa ikitaka mashine isimamishwe pale aina fulani za diski zinapovuka terabaiti 4 kutoka chini yake. Soma masharti kabla, si baada.

Kwa fundi anayepanga seva mpya leo: itenge diski ya data na ile ya mfumo endeshi, na kama ile ya data haihitaji kugawanywa, usiiwekee patisheni kabisa, utakuwa umeondoa faharasa moja kati ya tatu. Siku ya kupanua, chukua nakala rudufu na uhakikishe inarudishika, soma jina la diski mara mbili, kisha fanya kazi yako mchana kweupe dirisha likiwa wazi na watu wakihudumiwa.