Kabla Hujachanganya Maandishi, Ramani na Picha za Mtandaoni

Tuseme waongoza watalii wa Iringa wanaandaa kijitabu cha kuuza, kinachoeleza habari za Kalenga, Lugalo na Isimila. Habari za Mkwawa, chifu wa Wahehe, wanazitoa Wikipedia ya Kiswahili, ramani OpenStreetMap, na picha ya nguzo za Isimila kwenye tovuti ya wapiga picha. Vyote vimepatikana bila kulipia. Je, vinaweza kukaa pamoja?

Maandishi ya Wikipedia yana leseni ya Creative Commons yenye alama BY-SA. Unaruhusiwa kuyauza, mradi utaje chanzo. Na ukiyarekebisha au kuyatafsiri, toleo lako nalo litoke kwa leseni hiyohiyo. Picha yenye alama NC inakataza biashara. Ukiitumia kutengeneza bango moja na maandishi yale, umekwama: upande mmoja unadai kila mtu aruhusiwe kuuza, wa pili hauruhusu. Wengi hujikwaa kwenye BY-NC-SA, wakidhani herufi SA zinaipatanisha na BY-SA. Hazipatani.

Picha ikibaki kama ilivyo kando ya maandishi, huo ni mkusanyiko, na kila kazi hubaki na leseni yake. Hata hivyo kijitabu kinauzwa, kwa hiyo picha ya NC haifai. Tafuta yenye BY au BY-SA, au upige mwenyewe. Isimila si mbali na mjini.

Ramani ni rahisi zaidi. Tangu 2012 data za OpenStreetMap zina leseni ya ODbL. Kuchapa na kuuza ramani iliyochorwa kutokana nazo ni ruksa, ila waliochangia OpenStreetMap watajwe. Ukiboresha data zenyewe na kuzisambaza, hizo ndizo zinazopaswa kubaki wazi kwa leseni ileile.

Mwalimu wa Tukuyu anayetaka hadithi za watoto kwa Kinyakyusa aanzie tovuti ya African Storybook, ambako hadithi nyingi zina BY: atafsiri, achape, amtaje mtunzi. Akikuta alama ND, inayokataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, asisambaze tafsiri kabla ya kupata kibali.

Wanaotengeneza programu vyuoni Mbeya nao wachunguze matoleo. Msimbo wa leseni ya Apache 2.0 unaingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, lakini hauingii kwenye ule unaoruhusu toleo la 2 pekee.

Pasipo leseni yoyote, usidhani umeruhusiwa. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi hulindwa tangu inapotungwa, hata isiposajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Picha iliyozagaa kwenye makundi ya WhatsApp bado ina mwenyewe. Mwandikie, mweleze unataka kuitumia wapi na kama utauza, na utunze jibu lake pamoja na nakala ya kijitabu.