Kobe Aliyekomaa Anapoletwa Nyumbani

Kobe aliyetolewa nyanda kavu zilizo chini ya Moshi na kupelekwa Marangu au Machame hukutana kwanza na baridi. Mwili wake hutegemea joto la jua. Asipolipata, chakula hakisagiki tumboni, naye huzubaa. Juni na Julai, ukungu unapokaa mlimani, si wakati wa kumhamisha. Apewe uwanja wa kuota jua, kwa kuwa jua lipitalo kwenye kioo cha dirisha halimpatii vitamini D ya kuimarisha gamba. Chakula chake ni nyasi na majani, si ugali wala nyama. Kibali nacho kitangulie: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mnyamapori kufugwa kiholela.

Lililo zito zaidi ni salmonela, bakteria wanaoweza kuishi utumboni mwa kobe asiye na dalili yoyote. Mwaka 1975 Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto waliugua. Upole wa kobe ndio unaohadaa: mtoto humshika, kisha hutia vidole kinywani. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji tiririka, na vyombo vyake visioshewe jikoni. Watoto chini ya miaka 5, wanaoishi na VVU na wenye selimundu wasimguse. Kwa hao wa mwisho, salmonela huweza kushambulia hata mifupa.

Mtoto mwenye homa, ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea, huenda asiharishe kabisa. Mhudumu aulize kama nyumbani kuna kobe, na ikiwezekana damu ichukuliwe kwa kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki.